Sabuni ya Nyumbani au Dawa Maalumu? Namna ya Kuchagua cha Kusafishia Siti za Ngozi za Gari

Mtu akimwagikiwa mchuzi wenye manjano kwenye kanzu nyeupe, kisha akakimbilia mche wa sabuni ya kufulia na kuanza kusugua, doa lile la njano hugeuka jekundu la damu ya mzee palepale mbele ya macho yake. Wengi hudhani mchuzi ndio uliozidi kukolea. Kilichotokea ni kwamba manjano hubadilika rangi inapokutana na kitu chenye umagadi, na sabuni ya mche, kwa jinsi inavyopikwa, ina umagadi mwingi. Kanzu ya pamba huuvumilia umagadi huo, ikasuuzwa mara mbili tatu ukatoka. Siti ya ngozi ya gari haiuvumilii, wala haiwezi kusuuzwa kwa ndoo za maji kama kanzu, kwa hiyo kila sabuni inayoingia humo hubaki humo mpaka mtu aitoe kwa mkono wake.

Swali la kutumia sabuni ya nyumbani au dawa maalumu ya dukani huulizwa mara nyingi kana kwamba ni swali la bei, na jibu linalotolewa hufuata mfuko wa anayejibu. Ukweli ni kwamba ziko sabuni za nyumbani zinazofaa kabisa, tena za aina inayoelekezwa na watengenezaji wa magari wenyewe, na ziko chupa za gharama kubwa zenye picha ya siti ya kifahari ambazo kazi yake ni kung'arisha tu. Kinachopaswa kuamua ni utando uliofunika ngozi ya siti zako, umagadi wa sabuni unayotaka kuitumia, na kile ambacho sabuni hiyo inaacha nyuma maji yakishakauka.

Sababu yenyewe iko ndani ya ngozi. Ngozi ya siti, ambayo kwa kawaida huandaliwa kiwandani kwa chumvi za kromi ili isioze, hubaki upande wa asidi. Kipimo chake cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni umagadi, huwa mara nyingi kati ya 3.5 na 5. Sabuni ya kweli, yaani ile iliyopikwa kwa mafuta na kostiki soda, huwa kati ya 9 na 10 na wakati mwingine hupita hapo. Kwenye kipimo hiki kila namba ni mara kumi ya ile iliyotangulia, kwa hiyo kutoka 5 hadi 10 ni tofauti ya mara laki moja. Umagadi wa kiasi hicho ukipenya kwenye mishono na mikunjo hulegeza rangi, na hutoa mafuta yaliyotiwa kiwandani ili nyuzi za ngozi ziweze kuteleza zenyewe kwa zenyewe. Nyuzi zikikosa mafuta hayo hugandamana, ngozi hukakamaa, na jua likiipiga kwa muda hupasuka.

Tatizo ni kwamba uharibifu huo hauonekani siku ya kuosha. Niliwahi kuwa na gari lenye siti za rangi ya maziwa, lililokuwa likioshwa kila Jumamosi mahali pamoja pa kuoshea magari. Kijana aliyelihudumia alikuwa na bidii ya kweli: alichovya brashi ya zulia kwenye ndoo ya sabuni ya unga, akasugua siti mpaka povu likasimama, kisha akapangusa kwa taulo kavu, na kila mara nililichukua gari nikiwa nimeridhika. Baada ya miezi kadhaa ubavu wa siti ya dereva, pale paja linapoburuzika wakati wa kushuka, ulianza kufanya mistari midogo kama udongo wa mbugani uliokosa mvua. Nilipopitisha hapo kitambaa kilicholowa maji matupu, kilitoka kikiwa na utelezi na povu jembamba. Ilikuwa sabuni ya Jumamosi zote zilizopita, ambayo hakuna aliyewahi kuiondoa.

Hatua ya kwanza: Tambua siti yako imefunikwa na nini

Kabla ya kufikiria sabuni, hakikisha kwamba ulicho nacho ni ngozi. Magari mengi ambayo muuzaji huyataja kuwa ni ya "leza" yana ngozi bandia, ama siti nzima au sehemu zake. Artico ya Mercedes-Benz, Sensatec ya BMW na SofTex ya Toyota zote ni ngozi bandia, na si jambo la aibu, kwa kuwa huvumilia usafi kuliko ngozi halisi. Hata kwenye gari lenye ngozi ya ng'ombe, mara nyingi ngozi huwekwa pale tu mwili unapogusa, yaani makalio, mgongo na mbavu za mbele, ilhali nyuma ya siti, mifuko ya kuwekea vitabu na pande zinazotazama mlango hufunikwa kwa plastiki ya aina ya vinili iliyochapwa vinyweleo ili ifanane na ngozi. Inama uangalie chini ya siti, mahali ambapo kifuniko kimekunjwa na kubanwa: ukingo uliokatwa wa ngozi halisi una nyuzi nyuzi kama suede, ile ngozi yenye uso wa manyoya mafupi, na ule wa ngozi bandia una kitambaa kilichofumwa chini ya tabaka la plastiki.

Ukishajua ni ngozi, dondoshea tone moja la maji safi mahali palipojificha, usubiri dakika moja. Tone likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, ngozi yako imepakwa rangi na kufunikwa kwa utando wa kiwandani, na hii ndiyo hali ya siti nyingi za magari. Tone likinywewa na mahali pale pakawa peusi kidogo, ngozi hiyo haina utando, ni ya aina iitwayo anilini, inayopatikana katika baadhi ya magari ya kifahari na katika siti zilizoshonwa upya na mafundi. Hapo mjadala wa sabuni ya nyumbani umekwisha: tumia dawa iliyoandikwa waziwazi kwamba ni ya ngozi ya anilini, au umpelekee fundi. Vivyo hivyo kwa suede, nubuck na kitambaa cha Alcantara, ambavyo havihusiani na mwongozo huu isipokuwa kwa onyo kwamba visiguswe na povu lolote litakalotajwa hapa.

Siti kuukuu yenye utando uliochakaa huwa na tabia zote mbili. Tone litakaa juu katikati ya siti, halafu linywewe haraka kwenye ubavu wa dereva. Ichukulie siti hiyo kwa upole unaostahili sehemu yake dhaifu kuliko zote.

Hatua ya pili: Pima sabuni uliyo nayo nyumbani

Yale manjano yaliyoharibu kanzu sasa yawe chombo chako cha kupimia. Koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano katika spiriti kidogo au maji ya moto, upake kwenye karatasi nyeupe, ukung'ute unga uliobaki, uache ikauke. Tengeneza sabuni kwa wepesi ule ule unaokusudia kuutumia kwenye siti, kisha udondoshee tone moja kwenye karatasi. Pembeni yake dondoshea maji ya sabuni ya mche, ili ujue wekundu unaoutafuta unafananaje. Tone la sabuni yako likibaki la njano, umagadi wake ni mdogo; likigeuka jekundu au la kahawia iliyoiva, sabuni hiyo irudi jikoni. Kipimo hiki kina mpaka wake: manjano haitambui asidi, na siki haitaibadilisha rangi hata kidogo, kwa hiyo usichukulie unjano wa karatasi kuwa ruhusa ya kupaka siki au maji ya limau kwenye siti.

Sabuni ya mche, ya kipande na ile ya magadi inayopikwa na vikundi vya akina mama zote zitaishia kwenye wekundu, na ndivyo zilivyo nyingi za sabuni za kuogea za kipande. Jina lisikupotoshe: Imperial Leather ni sabuni ya kuogea, na neno "leather" lililomo halina uhusiano na utunzaji wa ngozi ya siti. Pamoja na umagadi, sabuni za kupikwa zina kasoro ya pili inayowasumbua zaidi watu wa Pwani. Maji ya visima vingi vya huku yana kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo yakikutana na sabuni hufanya ule utando mweupe tunaouona kwenye kingo za beseni. Kwenye siti nyeusi utando huo hukaa ndani ya vinyweleo na mishono, na ukiukwangua kwa kucha hutoka kama mba.

Sabuni ya unga ni mbaya zaidi kwa ngozi kuliko ya mche, na nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi. Imetengenezwa kwa ajili ya pamba na mashine, huwa na pH ya 10 hadi 11, na baadhi yake ina vyeupeshaji na vimeng'enya vya kuvunja protini, na ngozi yenyewe ni protini. Kuiongezea maji hakuifanyi iwe laini kwa kiwango ambacho mtu angetarajia. Ukiichanganya na maji mara kumi zaidi, kipimo kitashuka kwa hatua moja tu, au hata kisifike hapo, kwa sababu ya soda iliyotiwa humo makusudi ili umagadi usishuke.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa iko katika kila jiko na watu wengi huitetea. Zile za kiwandani kwa kawaida huwa karibu na 7 au juu yake kidogo, na tone dogo katika lita moja ya maji halitaiumiza ngozi yenye utando ikiwa itafutwa vizuri. Hata hivyo imeundwa kung'oa mafuta ya kukaangia kwenye sufuria, nayo haiulizi ni mafuta ya nani: ikikuta ufa kwenye utando, itayatoa yaliyo ndani ya ngozi kama inavyoyatoa ya chapati. Mimi huitumia kwa doa la mafuta ya chakula, mara moja, mahali pale pale, basi. Ile inayouzwa kwa kupimwa kwenye chupa zilizowahi kuwa za maji ya kunywa ni jambo jingine. Hutengenezwa kwa kuchanganya asidi ya salfoniki na soda, na uwiano wake hutegemea mkono wa mchanganyaji. Wiki hii inaweza kuwa sawa, wiki ijayo ikawasha vidole. Kwa sufuria haina neno, lakini kwa siti isitumike.

Katika sabuni za nyumbani zinazobaki, mbili ndizo ninazozipendekeza. Ya kwanza ni sabuni ya maji ya kufulia sweta na nguo nyingine za sufu. Sufu, kama ngozi, ni zao la mnyama na huchukia umagadi, kwa hiyo sabuni yake hutengenezwa isiwe na asidi wala besi, yaani umagadi. Vitabu vya maelekezo vya magari ya Toyota hutaja aina hii hii kwa siti za ngozi, ikiwa imechanganywa na maji hadi kufikia takriban asilimia 5, yaani mililita 50 za sabuni katika mililita 950 za maji, ambayo ni kama vijiko vitatu vikubwa na robo kwa chupa ya lita moja. Hakikisha chupa imeandikwa kwamba ni ya sufu na hariri na kwamba haina besi, kwa kuwa sabuni ya maji ya kufulia nguo za kawaida siyo hiyo. Ya pili, kwa asiyepata ya kwanza, ni shampuu ya mtoto mchanga isiyo na mafuta wala rangi kali, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji. Inatoa uchafu polepole na humlazimu mtu kurudia, jambo ambalo kwangu mimi ni sifa njema.

Vitambaa vyenye maji vya kumfutia mtoto vinaweza kuokoa hali njiani, pale maziwa yanapomwagika, lakini vingi vina losheni inayobaki juu na kukamata vumbi. Ukifika nyumbani pafute upya. Jik, amonia, dawa ya vioo, magadi soda ya kupikia na sponji nyeupe ya melamini visikaribie siti. Sponji hiyo huonekana kama inafanya miujiza kwa sababu inafanya kazi kama msasa laini sana, na kila inapoondoa doa inaondoa na utando kidogo.

Hatua ya tatu: Amua kama unahitaji dawa maalumu

Dawa maalumu za kusafishia ngozi, kama za Lexol, Colourlock, Autoglym au Meguiar's, hazina uchawi ndani yake. Unacholipia ni kwamba mtengenezaji ameshakupimia pH, amechagua sabuni zenye kutoa mafuta ya mwili bila kuchimba, na amepunguza kile kinachobaki baada ya kukauka. Kwa siti yenye utando mzima, yenye vumbi na jasho la kawaida, inayosafishwa mara kwa mara, sabuni ya sufu iliyopunguzwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa kiwango ambacho jicho halitatofautisha.

Zipo hali ambazo ningetoa fedha bila kusita. Siti yenye matundu madogo ya kupitishia hewa ni mojawapo, kwa sababu dawa nyingi maalumu hutoka kwenye pampu zikiwa povu kavu ambalo halitiririki ndani ya matundu. Usukani na ubavu wa siti ya dereva uliong'aa kama kiatu kilichopigwa brashi ni nyingine. Mng'ao huo ni mafuta ya mikono na jasho yaliyoshikamana, na sabuni laini ya nyumbani inaweza kushindwa kuyatoa. Halafu kuna siti nyeupe au ya maziwa iliyoshika rangi ya jinzi, na gari ambalo ndiyo kwanza umelinunua kutoka kwa mtu mwingine, ambalo hujui limepakwa nini miaka yote, kwani huko unahitaji kutoa tabaka za polishi ya watu wengine kabla ya kuiona ngozi yenyewe.

Ukifika dukani soma maandishi ya nyuma kuliko ya mbele. Tafuta aina ya ngozi inayokusudiwa, tafuta tamko kuhusu pH, na tafuta neno linalosema kama kilicho mkononi ni kisafishio, krimu ya kutunzia, au vyote viwili kwa pamoja. Mimi sipendi zile za pamoja kwa siti chafu, kwa sababu krimu hulainisha uchafu na kuusukuma kwenye mikunjo badala ya kuutoa. Zinafaa kwa siti ambayo tayari ni safi na inahitaji kupitiwa tu. Chupa ya kupulizia ambayo sifa yake kuu ni mng'ao kwa kawaida ina silikoni na ilikusudiwa dashibodi na matairi. Kwenye siti huleta utelezi, na abiria anayeteleza dereva anapofunga breki hayuko salama. Sabuni ya matandiko ya farasi, ambayo watu huiagiza wakiamini kuwa ni ya ngozi zote, ilitengenezwa kwa ngozi nene isiyo na utando. Nyingi ya sabuni hizo zina nta, na baadhi zina umagadi wa sabuni ya kawaida.

Chupa iwe na lakiri yake. Dawa iliyofunguliwa na kujaziwa haina tofauti na ile ya kupimwa.

Hatua ya nne: Jaribu mahali pasipoonekana

Chochote utakachochagua, kiwe cha bei gani, kijaribu kwanza nyuma ya kiegemeo cha kichwa au upande wa siti unaotazama gia. Chovya kitambaa cheupe, kamua, sugua mara kumi kwa mkono mwepesi, kisha kiangalie kitambaa. Uchafu huwa wa kijivu au wa udongo. Kikitoka na rangi ya siti yenyewe, nyeusi kwa nyeusi au hudhurungi kwa hudhurungi, utando umeondoka na sasa unafuta rangi. Acha hapo hapo. Subiri pakauke kabisa kivulini, uangalie tena kwa mwanga wa mchana, na upitishe ncha ya kidole kuhisi kama pamekuwa pakavu au panavuta, kwa maana sabuni iliyobaki hunata kidogo.

Hatua ya tano: Safisha kwa povu, wala si kwa maji

Egesha gari kivulini na uache siti zipoe, kwa sababu siti iliyopigwa jua hukausha sabuni kabla hujaifuta. Fyonza vumbi na mchanga kwa mashine au upitishe brashi laini ya kupaka rangi kwenye mishono, pale siti ya kukalia inapokutana na ya kuegemea. Usiruke kazi hii hata kama siti inaonekana safi. Mchanga wa Dar es Salaam au vumbi jekundu la barabara za bara ukisuguliwa pamoja na sabuni hukwangua utando vibaya kuliko umagadi wowote niliouelezea.

Andaa vitambaa vitatu vya maikrofaiba: cha sabuni, cha maji matupu na kikavu. Kama maji ya nyumbani kwako ni ya kisima chenye chumvi, tumia ya mvua yaliyokingwa safi au ya chupa. Lita mbili zinatosha gari zima. Piga sabuni yako mpaka ipate povu, uchote povu kwa kitambaa au kwa brashi yenye nywele laini kama za farasi, na ufanye sehemu ndogo ndogo, si zaidi ya nusu ya siti kwa wakati mmoja. Sugua kwa kuzungusha, bila kukandamiza, mpaka uone povu linabadilika kuwa la kahawia. Hapo hapo futa kwa kitambaa cha maji matupu kilichokamuliwa kisidondoke, geuza upande, futa tena, na ukisuuze kila baada ya mipito miwili. Rudia mpaka kitambaa kikikamuliwa kisitoe povu hata chembe. Hiki ndicho kipimo cha kumaliza, na ndicho kijana wangu wa Jumamosi hakuwahi kufundishwa. Malizia kwa kitambaa kikavu, ukikiingiza kwenye mishono kwa ncha ya kidole.

Usimwage wala kupulizia maji moja kwa moja kwenye siti. Ndani ya siti za magari ya siku hizi kuna kitambuzi cha uzito wa abiria, kuna nyaya za kupasha joto kwa baadhi ya magari, na mara nyingi kuna mfuko wa hewa ubavuni. Ukiinama utaona viunganishi vya rangi ya njano chini ya siti; hivyo ni vya mifuko ya hewa, na maji yakiviharibu utaona taa ikiwaka kwenye dashibodi, na matengenezo yake yanaweza kukugharimu sana. Acha milango wazi kivulini mpaka pakauke, bila kutumia mashine ya kukaushia nywele.

Hatua ya sita: Krimu kidogo, au usipake kabisa

Ngozi yenye utando mzima hainywi mafuta mengi, hata matangazo yaseme nini. Krimu nzuri inayotokana na maji hupunguza msuguano wa nguo na hulainisha sehemu zilizokwisha kupasuka kidogo, kwa hiyo ipakwe kwa uchache, mara mbili au tatu kwa mwaka, na ifutwe baada ya dakika chache. Mafuta ya nazi, ya alizeti, ya mzeituni na Vaselini ni vishawishi vikubwa kwa sababu viko karibu na siti hung'aa mara tu zikipakwa. Mafuta ya kupikia huchacha, na ndani ya gari lililofungwa juani harufu yake utaijua. Vaselini hubaki juu ikikusanya vumbi mpaka inafanya matope kwenye mishono. Rangi ya viatu itahamia kwenye nguo za atakayekaa.

Baada ya kusafisha usirudishe yale mafuniko ya nailoni ambayo wengine huyaacha tangu gari liliposhuka bandarini. Joto likipanda plastiki hunata kwenye ngozi, na katika majira ya masika hufungia unyevu chini yake hadi kuvu ikaota.

Madoa yanayohitaji uamuzi wa peke yake

Maziwa ya mtoto na chai ya maziwa hayasubiri. Yakishaingia kwenye mshono hufika kwenye sponji, na huko hakuna sabuni ya kupaka juu itakayoyafikia. Kausha kwanza kwa kitambaa, ukibonyeza bila kusugua, halafu ndipo sabuni ya sufu ifuate.

Wino wa kalamu huwafanya watu wakimbilie spiriti au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Asetoni iliyomo kwenye hiyo ya kucha huyeyusha utando pamoja na wino, na utabaki na doa lisilo na rangi mahali pa doa lenye rangi. Wino ukiwa bado mbichi unyonye kwa kona ya kitambaa kikavu. Ukishakauka nunua kalamu maalumu ya kuondolea wino kwenye ngozi, na ukiona haikutoka mara ya pili mwachie fundi.

Rangi ya jinzi hutoka kwa dawa maalumu ikiwa haijakaa zaidi ya wiki chache. Iliyokaa miaka huwa imeingia ndani ya utando, na tiba yake ni kupakwa rangi upya.

Kuvu ifutwe nje, gari likiwa wazi, ukiwa umefunika pua, kwa kitambaa utakachokitupa. Sabuni ya sufu inatosha kuitoa juu ya ngozi. Kinachoizuia isirudi ni ukavu, kwa hiyo angalia zulia na mpira wa milango kama vinavuja.

Sanitaiza ya mikono ilianza kuonekana kwenye usukani wa magari mengi tangu mwaka 2020. Alkoholi yake, ikiguswa kila siku kabla haijakauka mkononi, hulainisha utando mpaka usukani unaanza kunata na rangi kubaki vidoleni. Subiri mkono ukauke ndipo ushike, na ufute usukani kwa kitambaa chenye maji kila wiki, hata kama siti hazijafikia zamu yake. Siti zenyewe Toyota hushauri zisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka; kwa gari linalopita barabara za vumbi au linalobeba watoto wa shule, mimi huzisafisha kila baada ya miezi miwili, na kila mara natengeneza sabuni mpya na kumwaga iliyobaki, kwa sababu ikishachanganywa na maji haina tena kihifadhi cha kutosha na baada ya siku chache huanza kunuka ndani ya chupa.